Paul Robeson: Nyota wa sinema aliyekosa mkasi

JOMO Kenyatta aliwahi kuigiza katika filamu. Ilikuwa mwaka wa 1934, miaka 29 kabla ya bendera ya Kenya huru kupandishwa, naye akiishi London kama mjumbe wa chama cha Wakikuyu, KCA, huku mfukoni akiwa na senti za kuhesabu. Katika studio za Shepperton, nje ya jiji hilo, Waingereza walikuwa wamejenga kijiji cha Kiafrika cha kuigiza. Kenyatta akawa miongoni mwa watu Weusi waliolipwa ujira mdogo kuvaa mavazi ya kichifu na kusimama nyuma ya nyota wa filamu.

Nyota huyo alikuwa Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji kutoka Marekani, ambaye wakati huo alikuwa miongoni mwa watu Weusi waliojulikana zaidi katika kumbi za Ulaya. Filamu yenyewe, Sanders of the River, ilitoka mwaka wa 1935. Ilimletea fedha na umaarufu, kisha ikawa aibu aliyoibeba hadi kaburini.

Robeson alifariki mwaka wa 1976. Maisha yake yanastahili kusimuliwa tena wakati huu ambapo vijana wa Homa Bay, Migori na kwingineko nchini wanashika kamera wakitafuta riziki na jina, kwani swali lililomtesa lingali hai. Kati ya mtu anayeonekana kwenye picha na mtu anayeikata picha hiyo, mwenye filamu ni nani? Aidha, kama msomaji atakavyoona, njia aliyoifyeka Robeson ilikuja kufika hadi Kisiwa cha Rusinga, ijapokuwa yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga Kenya.

Mwana wa mtumwa aliyetoroka

Paul Leroy Robeson alizaliwa Aprili 9, 1898 mjini Princeton, jimbo la New Jersey. Baba yake, William Drew Robeson, alizaliwa utumwani North Carolina, akatoroka akiwa na umri wa miaka 15, akasoma kwa taabu hadi akawa mchungaji wa kanisa. Mama yake, Maria Louisa, alifariki mwaka wa 1904 baada ya nguo zake kushika moto jikoni. Paul, kitinda mimba, hakuwa ametimiza miaka sita.

Mzee William alimlea mwanawe kwa kanuni moja: afanye kila jambo kwa ukamilifu, maana mtoto wa Mweusi hatasamehewa kosa dogo. Mwaka wa 1915 kijana huyo alishinda ufadhili wa kusoma katika Chuo cha Rutgers, akiwa mwanafunzi wa tatu Mweusi katika historia ya chuo hicho. Alipojitokeza kwa mazoezi ya kandanda ya Kimarekani, wachezaji wenzake walimpiga na kumuumiza ili akate tamaa. Hakukata tamaa. Miaka ya 1917 na 1918 alitajwa katika kikosi cha wachezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani. Mwaka wa 1919 alihitimu akiwa ndiye aliyechaguliwa kutoa hotuba ya kuwaaga walimu kwa niaba ya wenzake.

Kutoka hapo aliingia Chuo Kikuu cha Columbia jijini New York kusomea sheria, huku akicheza kandanda ya kulipwa mwishoni mwa juma ili apate karo. Mwaka wa 1921 alimwoa Eslanda Goode, mwanamke msomi na mwenye akili ya biashara, aliyekuja kuwa meneja wake. Alihitimu mwaka wa 1923 na kuajiriwa katika kampuni ya mawakili, lakini kazi hiyo haikudumu. Karani mmoja Mzungu alikataa kuandika barua kwa kusomewa na mtu Mweusi. Robeson akachukua kofia yake, akaondoka, na mahakama zikampoteza wakili.

Sauti yatikisa London

Kilichofuata kilikuwa mwendo wa kasi. Mwaka wa 1924 alicheza katika tamthilia mbili za Eugene O'Neill jijini New York. Aprili 1925, akisindikizwa na mpiga piano Lawrence Brown, alifanya tamasha lililojaa nyimbo za kiroho za Weusi pekee. Nyimbo zilizotungwa na watumwa mashambani, ambazo wengi walizidharau, zikaingia katika kumbi za heshima. Mwaka wa 1928 aliimba katika Show Boat jijini London, na miaka miwili baadaye akacheza Othello katika jiji hilohilo. Sauti yake nzito, iliyotoka kifuani kama ngurumo ya mbali, ilimfanya apendwe na mabwanyenye na makuli wa bandarini kwa pamoja.

Sinema nayo ilikuwa imemwita mapema. Filamu yake ya kwanza, Body and Soul ya mwaka wa 1925, iliongozwa na Oscar Micheaux, mtu Mweusi aliyetoka katika ukoo wa watumwa, akalima Dakota Kusini, akaandika riwaya na kuziuza nyumba hadi nyumba kabla ya kuanzisha kampuni yake ya filamu. Micheaux hakuwa na studio kubwa wala benki ya kumkopesha. Alizunguka na nakala za filamu zake kutoka mji hadi mji akizitafutia kumbi. Hata hivyo, filamu ilikuwa yake. Wakaguzi wa filamu wa New York walipoikataa Body and Soul, ni yeye aliyeketi na kuikata upya hadi ikaruhusiwa.

Hapo ndipo penye kiini cha masimulizi haya. Enzi hizo filamu ilikuwa utepe, na utepe huo ulikatwa kwa mkasi na kuunganishwa kwa gundi. Picha ileile ya mtu akicheka inaweza kumfanya aonekane shujaa au mpumbavu, kutegemea picha iliyowekwa kabla yake na ile iliyowekwa baada yake. Sisi tunaohariri magazeti tunalijua hilo vyema: mwandishi anaweza kuleta habari njema, lakini kichwa cha habari hutungwa mezani.

Kiswahili na kijiji cha Shepperton

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Robeson alianza kujiuliza yeye ni nani. Aliingia katika chuo cha London ambacho leo kinajulikana kama SOAS, akajifunza fonetiki na lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo. Alikutana na wanafunzi na wanaharakati kutoka Afrika, Kenyatta akiwa mmoja wao. Mtu aliyelelewa katika nchi iliyomwambia kwamba mababu zake hawakuwa na lolote sasa alijifunza kuwa walikuwa na lugha zenye sarufi pana, methali na falsafa. Akatamani kuionyesha dunia Afrika hiyo kupitia chombo chenye nguvu kuliko vyote wakati huo, yaani sinema.

Fursa ikaja kwa sura ya Alexander Korda, mtayarishaji mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa akiijenga himaya yake ya filamu Uingereza. Ndugu yake, Zoltan, alikuwa amekwenda Afrika na kurudi na picha nyingi za ngoma, mitumbwi na maisha ya vijijini. Robeson alipozitazama picha hizo alivutiwa. Hizi hazikuwa za studio. Zilikuwa za watu halisi wakicheza ngoma zao halisi. Akakubali kucheza Bosambo, kiongozi wa Kiafrika katika hadithi za Edgar Wallace. Aliamini kwamba heshima ya utamaduni wa Afrika hatimaye ingeonekana kwenye skrini.

Filamu ilipokamilika, Bosambo alikuwa kibaraka. Kila alichofanya kilimtukuza Sanders, afisa Mzungu anayewatawala maelfu ya Waafrika kwa ukali wa baba mbele ya watoto watundu. Maandishi yaliyofungua filamu yaliwasifu watumishi wachache wa ufalme wa Uingereza. Ngoma zilizomvutia Robeson zilikuwamo, lakini zilipangwa kiasi kwamba mtazamaji aliona fujo inayongoja kutulizwa na Mzungu. Baadaye Robeson alieleza kwamba mwelekeo huo wa kuusifu ukoloni uliingizwa katika siku za mwisho za upigaji picha. Kila sura aliyoigiza ilikuwa ya kweli kwa nafsi yake, ila aliyezipanga sura hizo alikuwa mwingine.

Lawama zikamwangukia kutoka pande nyingi, hasa kwa wapigania uhuru na magazeti ya Weusi. Robeson alijitetea kidogo mwanzoni, kisha akaacha kujitetea. Miaka iliyofuata aliikana filamu hiyo hadharani.

Kudai neno la mwisho

Robeson hakuikimbia sinema. Mwaka wa 1936 alisaini mkataba wa Song of Freedom, hadithi ya kuli wa bandari ya London anayegundua kuwa yeye ni wa ukoo wa kifalme wa kisiwa kimoja cha Afrika. Safari hii alidai, na akapewa, haki ya kuidhinisha filamu kabla ya kutolewa. Kwa mwigizaji Mweusi wa enzi hizo, hilo lilikuwa jambo la nadra sana. Filamu haikuwa kamilifu, na Afrika yake bado ilinuka rangi ya studio, lakini mhusika mkuu alikuwa mtu mwenye mke, marafiki, akili na hadhi.

Mwaka huohuo alionekana katika Show Boat ya Hollywood, naye Eslanda akasafiri na mwana wao Pauli hadi Afrika Kusini na Uganda. Safari hiyo aliiandikia kitabu, African Journey, kilichochapishwa mwaka wa 1945. Robeson alibaki na kazi zake. Afrika aliyoifikia mwenyewe ilikuwa Misri, alikokwenda kupiga picha za filamu ya Jericho iliyotoka mwaka wa 1937.

Filamu aliyojivunia zaidi ni The Proud Valley ya mwaka wa 1940, iliyosimulia maisha ya wachimba makaa ya mawe wa Wales. Humo alikuwa mfanyakazi miongoni mwa wafanyakazi, na Wales ikamfanya mwanawe.

Kisha akarejea Marekani, na Hollywood ikamnasa tena. Katika Tales of Manhattan ya mwaka wa 1942, koti lililojaa fedha linaanguka kutoka angani na kuwafikia wakulima maskini Weusi. Robeson alidhani sehemu hiyo ingeonyesha umaskini wa vibarua wa mashambani na ndoto yao ya kumiliki ardhi kwa pamoja. Watazamaji walichoona ni watu wajinga wanaopiga magoti na kuimba kwa sababu ya pesa za miujiza. Robeson aliishutumu filamu yake mwenyewe mbele ya waandishi wa habari na kutangaza kwamba basi, hataigiza tena Hollywood. Alikuwa na umri wa miaka 44, na hakurudi nyuma. Miongoni mwa nyota wakubwa wa enzi hizo, ni wachache mno waliofunga mlango wa aina hiyo kwa mkono wao wenyewe.

Gharama ya kusema

Jukwaa la maigizo lilimpokea vizuri zaidi. Kati ya mwaka wa 1943 na 1944 alicheza Othello katika Broadway mara 296, rekodi kwa tamthilia ya Shakespeare katika mtaa huo. Wakati huohuo aliliongoza Baraza la Masuala ya Afrika, lililoanza mwaka wa 1937 na kupigania uhuru wa makoloni. Kenya ilipotiwa katika Hali ya Hatari mwaka wa 1952 na Kenyatta kukamatwa, baraza hilo lilipaza sauti kuwatetea Wakenya wakati ambapo magazeti mengi ya Magharibi yaliwaona wapiganaji wa Mau Mau kama wauaji tu.

Lakini Robeson mwenyewe alikuwa amekwisha kuzingirwa. Alikuwa rafiki wa Muungano wa Kisovieti tangu alipozuru Moscow mwaka wa 1934, na vita baridi vilipoanza hakuukana urafiki huo. Hotuba yake ya Paris mwaka wa 1949 ilizua hasira nchini mwake. Agosti na Septemba mwaka huo, watu waliokwenda kumsikiliza karibu na Peekskill, New York, walishambuliwa kwa mawe. Mwaka wa 1950 serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasipoti. Kumbi zilimfungia milango, na mapato ya mtu aliyekuwa tajiri yakaporomoka.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili. Robeson hakuwahi kumkosoa Stalin hadharani hata baada ya maovu ya utawala wake kufichuka, na alikubali tuzo iliyobeba jina la kiongozi huyo mwaka wa 1952. Mtu aliyekuwa mwepesi kuona mnyororo shingoni mwa Mwafrika alinyamaza kuhusu minyororo ya Siberia. Doa hilo halifutiki kwa kuimba.

Hata hivyo, walioshika mamlaka hawakumwadhibu kwa kunyamaza. Walimwadhibu kwa kusema. Mwaka wa 1952 alisimama kwenye mpaka na kuwaimbia maelfu ya watu waliokuwa upande wa Kanada, kwa kuwa hakuruhusiwa kuvuka. Mwaka wa 1957 aliwaimbia wachimba makaa wa Wales kupitia simu iliyopita chini ya Bahari ya Atlantiki. Pasipoti yake ilirejeshwa mwaka wa 1958 kufuatia uamuzi wa Mahakama ya Juu, na mwaka uliofuata alicheza Othello mjini Stratford-upon-Avon, alikozaliwa Shakespeare. Afya yake ilivunjika kuanzia mwaka wa 1961. Eslanda alifariki mwaka wa 1965, na Robeson akaishi kwa utulivu Philadelphia hadi kifo chake Januari 23, 1976, akiwa na umri wa miaka 77.

Njia iliyofika Rusinga

Miongoni mwa waliotumiwa kumpinga Robeson alikuwa Jackie Robinson, mchezaji aliyevunja ubaguzi katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani mwaka wa 1947. Julai 1949 Robinson alifika mbele ya kamati ya Bunge iliyowasaka Wakomunisti na kutoa ushahidi wa kumkosoa Robeson. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka wa 1972, Robinson aliandika kwamba heshima yake kwa mzee huyo ilikuwa imeongezeka kadiri miaka ilivyopita.

Miaka kumi baada ya ushahidi huo, kijana wa Kenya, Tom Mboya, mwana wa ukoo wa Rusinga katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Homa Bay, alizunguka Marekani akitafuta nafasi za masomo kwa Waafrika. Nafasi zilipatikana, ila nauli haikuwapo. Barua ya kuwaomba Wamarekani mchango ikatolewa kwa majina ya watu watatu: Jackie Robinson, mwimbaji na mwigizaji Harry Belafonte, na mwigizaji Sidney Poitier. Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka na wanafunzi 81, na mamia wakafuata katika miaka iliyofuata.

Belafonte alimhesabu Robeson kuwa mwalimu wake na hakuficha jambo hilo hata enzi ambazo kumtaja Robeson kulihatarisha kazi. Poitier naye alikuwa ameigiza Kimani katika Something of Value, filamu ya mwaka wa 1957 kuhusu vita vya Mau Mau. Mwaka wa 1964 akawa mwanamume wa kwanza Mweusi kushinda tuzo ya Oscar ya mwigizaji mkuu. Waigizaji hawa walikuwa wamejifunza kutoka kwa Robeson kwamba umaarufu wa sinema unaweza kutumiwa kwa kazi iliyo nje ya sinema. Kwa njia hiyo, jina lililotafutwa katika kumbi za New York lilisaidia kulipia tiketi ya mwanafunzi wa Nyanza.

Mboya aliuawa Nairobi Julai 5, 1969 na kuzikwa Rusinga. Robeson alipata heshima zake akiwa amekwisha kufa. Mwaka wa 1979 nyota yenye jina lake iliwekwa katika njia ya Hollywood, mji ule ule alioukana. Makala fupi ya filamu kuhusu maisha yake, iliyosimuliwa kwa sauti ya Poitier, ilishinda Oscar mwaka wa 1980.

Leo mkasi umeshuka bei. Kijana wa Ndhiwa au Awendo anaweza kupiga picha na kuihariri kwa simu moja, jambo ambalo Micheaux aliyezunguka na marobota ya utepe asingeliota. Lakini siku kampuni kubwa itakapobisha hodi na kutaka sura yake, lugha yake na ziwa lake, atakutana na karatasi ileile aliyokutana nayo Robeson. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 ipo, na Bodi ya Hakimiliki ipo. Kilichobaki ni yeye kuisoma karatasi hiyo kabla ya kuisaini na kuuliza maswali matatu: nani ataikata filamu, nani ataimiliki ikishakamilika, na je, yeye mwenyewe ataiona kabla ya umma kuiona?

Robeson, wakili aliyehitimu Columbia, hakuyapata majibu hayo mapema katika Sanders of the River. Alipoyadai mwaka mmoja baadaye, alipewa.